Kabla na Baada ya Kisu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uuguzi wa Mgonjwa wa Upasuaji

Haya ni maswali yanayojirudia kila mwanafunzi mpya anapoingia wodi ya upasuaji, pamoja na machache ambayo ndugu wa wagonjwa huyauliza wakiwa wamesimama mlangoni. Yamefuata safari ya mgonjwa mwenyewe, toka kitandani hadi thieta na kurudi. Yapo yenye jibu la mstari mmoja, na yapo yasiyojibika kwa ufupi.

Daktari ameshamuuliza mgonjwa kila kitu. Kwa nini muuguzi aanze upya?

Kwa sababu mnatafuta vitu viwili tofauti. Daktari anataka kujua kama mtu huyu anafaa kupasuliwa, na kwa njia gani. Wewe unataka kujua yukoje siku ambayo hajaguswa, ili usiku wa manane, akiwa amerudi na mirija mitatu mwilini, uweze kusema kwa uhakika kwamba amebadilika.

Chukua presha ya 100/60 saa nne baada ya upasuaji. Kwa binti mwembamba ambaye jana alikuwa na 104/62, hiyo ni presha yake ya siku zote na unaweza kumwacha alale. Kwa mzee ambaye jana, akiwa ametulia kitandani, alikuwa na 165/95, namba ileile inaweza kuwa damu inavuja tumboni. Kipimo ni kimoja, maana ni mbili, na kinachozitofautisha ni ile karatasi uliyoijaza jana yake. Ukiijaza kwa kunakili namba za mgonjwa wa kitanda cha pili (na hili hutokea, tusidanganyane), umejipofusha mwenyewe.

Jambo la pili: wagonjwa humwambia muuguzi wanayomficha daktari. Pombe, dawa za mitishamba, ujauzito ambao mume hajaujua. Ukiuliza huku unamfunga kifaa cha presha, wala humtazami usoni kama hakimu, utashangaa yatakayotoka.

Nisisahau kuuliza nini?

Jina, umri, ugonjwa na upasuaji unaofanyika, hayo kila mtu hukumbuka. Yanayosahauliwa ni haya.

Amewahi kupata usingizi wa thieta, na aliamkaje? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki au kupata joto kali ghafla akiwa mezani? Swali hili la ukoo linaonekana la ajabu, lakini lina sababu. Kuna watu waliorithi hali ambayo baadhi ya gesi za usingizi, au dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametonio, huifanya misuli yao ikakamae na mwili uwake moto hadi kuua. Dawa yake, dantrolini, haikai kwenye kila kabati, hivyo mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua mapema, si wakati mgonjwa ameshakakamaa.

Mzio: usiishie kwenye dawa. Uliza kuhusu plasta na glavu za mpira. Mtu anayewashwa mdomo akila ndizi, parachichi au kiwi anaweza pia kuwa na mzio wa mpira asilia. Kinyume chake, ile imani kwamba asiyeweza kula kamba au kaa asipakwe iodini haina msingi. Protini ya kaa inayomdhuru haihusiani na iodini hata kidogo.

Pombe: anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho lini? Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya siku moja, na kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa vibaya. Usipouliza, utadhani ni homa au ni ukorofi.

Kisha kukoroma. Mtu anayekoroma sana na kukata pumzi usingizini ni mgonjwa wa kuangaliwa kwa jicho kali atakapopewa mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Na mtazame mdomoni: meno yanayolegea, na kama anaweza kufungua kinywa na kuinua shingo.

Ni vipimo gani vinahitajika?

Inategemea mgonjwa na ukubwa wa upasuaji. Wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo na chumvi za mwilini, kipimo cha ujauzito kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na kipimo cha umeme wa moyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kazi yako ni kuhakikisha majibu yamo ndani ya faili kabla mgonjwa hajaondoka wodini. Kipimo kilichochukuliwa bila jibu kusomwa ni damu ya mgonjwa iliyomwagwa bure.

Anatumia dawa kila siku. Asubuhi ya upasuaji azimeze au aziache?

Usiamue peke yako, lakini jua wa kumuuliza na kwa nini. Dawa za presha na moyo za kundi la atenololi na propranololi huendelea, kwani kuzikatisha ghafla huutia moyo taabuni. Humezwa na funda la maji. Dawa za kundi la kaptoprili na enalaprili mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, kwa kuwa zinaweza kuishusha presha mno akiwa usingizini. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, husimamishwa siku 5 kabla, kisha kipimo cha kuganda kwa damu hurudiwa. Za kifafa ziendelee. Aliyemeza vidonge vya steroidi kwa muda mrefu asiachishwe kamwe bila mpango, maana mwili wake umesahau kujitengenezea vyake.

Kwa kisukari, hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya 1 haachi insulini ya msingi (ile inayofanya kazi polepole kwa muda mrefu) hata kama hali chakula. Dozi hupunguzwa, haifutwi. Vidonge vya kundi la empagliflozini na dapagliflozini huachwa siku 3 hadi 4 kabla, kwani vinaweza kuleta sumu ya asidi katika damu huku sukari ikionekana nzuri kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo huhema haraka na kutapika, na kila mtu husema "sukari yake ni 9, hana shida".

Mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Mwambie daktari.

Kwa nini mgonjwa afunge, na afunge muda gani?

Usingizi wa thieta huzima kikohozi na kulegeza mlango wa tumbo. Kilichomo tumboni kikipanda huingia mapafuni, na asidi ya tumbo ni moto mtupu kwenye mapafu. Daktari Curtis Mendelson aliyaeleza madhara hayo kwa akina mama wajawazito mwaka 1946, na tangu hapo kufunga kukawa sheria.

Ila sheria yenyewe si kali kama tunavyoitekeleza. Chakula chepesi: saa 6. Chakula cha mafuta au nyama: saa 8 au zaidi. Maziwa ya mama: saa 4. Maziwa ya kopo: saa 6. Maji, chai isiyo na maziwa, au juisi iliyochujwa: saa 2 tu. Kwa hiyo ile amri ya "usiguse chochote kuanzia usiku", kwa mgonjwa ambaye zamu yake ya thieta itafika alasiri, ni mateso yasiyo na faida. Anafika amekauka, mishipa imejificha, kichwa kinamuuma, na wewe ndiye utakayehangaika kumtafutia mshipa. Piga simu thieta, uliza ratiba, mpe maji kwa muda unaoruhusiwa. Isipokuwa aliyeziba utumbo, mwenye uchungu wa uzazi au aliyeletwa kwa dharura: hao tumbo lao halihesabiwi kuwa tupu hata wakifunga.

Fomu ya ridhaa ni kazi ya muuguzi?

Kueleza upasuaji, hatari zake na njia mbadala ni kazi ya daktari atakayepasua. Wewe ni shahidi kwamba mgonjwa alielewa na akakubali kwa hiari. Njia nzuri ya kupima ni kumwambia, "Mama, niambie kwa maneno yako, wanakwenda kukufanyia nini?" Akijibu, "Sijui, wameniambia niweke dole gumba hapa," basi hiyo si ridhaa, mwite daktari arudi. Na isainiwe kabla ya kupewa dawa yoyote ya kumtuliza. Sahihi ya mtu aliyesinzia haina maana.

Nimnyoe sehemu ya kupasuliwa?

Kwa wembe, hapana. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na bakteria hujenga humo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ni wazi: nywele ziachwe, zikiwa lazima kutolewa, zikatwe kwa mashine ya kukatia. Mwogeshe kwa sabuni, inatosha. Dawa ya kuzuia maambukizi nayo, ikiwa imeandikwa, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na aina nyingi hufaa zaidi ikiwa ndani ya saa moja. Kuidunga wodini asubuhi kwa mgonjwa wa alasiri ni kuipoteza.

Rangi ya kucha inamkosea nani?

Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma mwanga unaopita kwenye kucha, na rangi huweza kukivuruga. Meno bandia yanaweza kuziba koo. Pete huleta hatari ya kuungua kama kinatumika kisu cha umeme, na kidole kikivimba hukatwa damu. Isiyotoka ifungwe kwa plasta. Lenzi za machoni zitolewe. Mali zote ziandikwe mbele ya shahidi, la sivyo utakuja kuulizwa hereni ya dhahabu usiyowahi kuiona.

Mgonjwa anaogopa na kulia. Nimwambie "usijali"?

Neno hilo halijawahi kumtuliza mtu. Muulize anaogopa nini hasa. Wengi hawaogopi kisu. Wanaogopa kuamka katikati, kuonekana uchi, au kutoamka kabisa. Kila moja lina jibu lake. Mweleze atakachokiona akifumbua macho: chumba kigeni, barakoa ya oksijeni, mpira wa mkojo, koo linalokwaruza kwa sababu ya mrija. Akiamka na kukuta ulichomwambia, hatang'oa mirija.

Na mfundishe kupumua leo, siyo kesho akiwa na kidonda: avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aachie polepole, mara 10 kila saa anapokuwa macho; akikohoa akumbatie mto tumboni. Mtu aliyefundishwa akiwa na maumivu hasikii lolote.

Ile orodha inayosomwa kwa sauti thieta ni ya nini?

Ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2008. Ina vipengele 19 na husomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi moja! Lakini ikiwekwa tiki kimyakimya baada ya kazi kuisha, ni wino tu. Muuguzi ana haki ya kusema "subiri" kama mguu uliotiwa alama si ule uliomo kwenye faili, hata kama mpasuaji ni bingwa na ana haraka.

Mgonjwa ametoka thieta. Nianze na nini?

Na pumzi. Kabla hujatazama kidonda, kabla hujasoma karatasi, weka kiganja karibu na mdomo wake na tazama kifua kinavyopanda. Asiyeamka vizuri alazwe ubavu, kwani akilala chali ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Kukoroma kwa mgonjwa aliyetoka thieta si usingizi mtamu; ni njia ya hewa iliyobanwa. Inua kidevu.

Kisha oksijeni, mapigo, presha, joto, fahamu, kidonda, mirija, dripu, mkojo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute weupe au ubluu usoni. Tazama ulimi, ndani ya kope la chini na viganja. Fahamu pia kwamba kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 93 kwenye kioo huku mgonjwa anahema kwa shida isikufariji.

Usimpokee bila makabidhiano ya mdomo. Uliza: amefanyiwa nini, usingizi wa aina gani, damu kiasi gani imepotea, dawa ya maumivu ya mwisho saa ngapi, mirija mingapi, na ni kitu gani kinawatia wasiwasi. Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote.

Anatolewa lini chumba cha kuzindukia?

Vituo vingi hutumia alama za Aldrete, zilizotungwa mwaka 1970 na kuboreshwa 1995: kujongea, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu na oksijeni, kila moja 0 hadi 2. Akifikisha 9 au zaidi kati ya 10 anaweza kurudi wodini. Aliyechomwa ganzi ya mgongo aanze kurudisha hisia miguuni. Joto lake nalo lisiwe chini ya nyuzi 36, maana mwili wa baridi hauigandishi damu vizuri, na kutetemeka huumaliza oksijeni.

Nipime alama za uhai kila baada ya muda gani?

Utaratibu ulioenea ni kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila dakika 30 kwa saa 2 zinazofuata, kila saa kwa saa 4, halafu kila saa 4. Fuata wa hospitali yako. Ukiona badiliko, rudi nyuma: pima mara nyingi zaidi.

Nitajuaje kama anavuja damu ndani?

Hapa usingoje presha. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza hadi asilimia 15 ya damu yake, karibu mililita 750, bila kuonyesha kitu. Kati ya asilimia 15 na 30, mapigo yanakwenda mbio, viganja vinapoa, anahangaika kitandani, na ile namba ya juu ya presha bado inasomeka vizuri. Inapoporomoka, mara nyingi zaidi ya asilimia 30 imeshakwenda. Presha ni shahidi anayefika mahakamani baada ya hukumu.

Kwa hiyo soma mapigo kwa mfululizo wake. 84, 92, 104, 116: hakuna hata moja ambayo peke yake ingemfanya mtu akimbie, lakini zikipangwa mstari mmoja zinapiga kelele. Tazama pengo kati ya namba mbili za presha likipungua: 120/70, halafu 114/82. Hesabu pumzi dakika nzima; kipimo hiki hubuniwa kuliko vyote, kila mgonjwa wodini ameandikiwa 20, na ndicho hubadilika mapema. Angalia mkojo. Pitisha mkono chini ya mgongo na kiuno, kwani damu hufuata mteremko, na bendeji ya mbele inaweza kuwa nyeupe huku shuka limelowa. Zungushia kalamu doa la damu kwenye bendeji na uandike saa. Mrija uliokuwa unatoa damu ukakauka ghafla haujapona, pengine umeziba.

Mgonjwa akisema, "Sista, sijisikii vizuri, kuna kitu hakiko sawa," huku vipimo vyote vizuri, vuta kiti. Mara nyingi yeye anajua kabla yako.

Ukishuku: mlaze, oksijeni, hakikisha kanula mbili kubwa (vile vijirija vya mshipani) zinapitisha, ita msaada, omba damu. Usiende kumtafuta daktari ukamwacha peke yake.

Maumivu: kuna dawa inayozidi? Mbona wengine hawalii?

Asiyelia si kwamba haumwi. Wapo waliolelewa kuamini kulalamika ni aibu, na wapo wanaoogopa kukusumbua. Muulize kwa namba, 0 hadi 10, na muulize akiwa anakohoa au anageuka, si akiwa amelala kimya kama gogo. Mtu ambaye maumivu yake ni 2 akitulia na 8 akivuta pumzi hatavuta pumzi, na mapafu yake yatajaa makohozi.

Toa dawa kwa saa, usingoje aombe. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima mwenye uzito wa zaidi ya kilo 50, isizidi gramu 4 kwa siku, hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika. Dawa za kundi la diklofenaki zisitolewe kwa mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au anayevuja damu.

Na mofini, hofu ipo upande usio wake. Wauguzi wengi huogopa uraibu, ambao kwa siku chache za maumivu ya upasuaji si tatizo kubwa, na hawaogopi usingizi, ambao ndio hatari. Mgonjwa husinzia kwanza, pumzi hupungua baadaye. Akiwa anakatika katikati ya sentensi huku mnazungumza, usimwongezee. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, mwamshe, mpe oksijeni, ita daktari, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu za mofini, iwe mkononi. Kumbuka naloksoni huisha nguvu mapema kuliko mofini. Aliyeamka anaweza kuzama tena, kwa hiyo usimpe kisogo.

Baada ya ganzi ya mgongo, lazima alale bila mto?

La. Kulala chali hakuzuii maumivu ya kichwa, ingawa bado tunawaamuru. Kichwa kinachouma akikaa na kupoa akilala, ndani ya siku chache za mwanzo, mjulishe mtaalamu wa usingizi, kina tiba.

Hajakojoa tangu arudi.

Ngoja, lakini usingoje zaidi ya saa 6 hadi 8. Papasa chini ya kitovu. Kibofu kikiwa kimejaa na kigumu, mkojo upo ila hautoki, jambo la kawaida baada ya ganzi ya mgongo na mofini. Mkalishe au msimamishe, mpe faragha, fungulia bomba la maji asikie, ikishindikana, mpira. Kibofu kikiwa kitupu, swali linageuka: damu na maji viko wapi? Mwenye mpira anatakiwa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 ni mililita 30. Kabla ya kupiga simu, angalia kama mpira haujakunjika chini ya paja.

Amepata homa. Ni maambukizi?

Tazama siku. Homa ya siku mbili za kwanza mara nyingi ni mwili unavyoitikia jeraha la upasuaji wenyewe. Kuanzia siku ya 3 fikiria mkojo, hasa kama mpira bado umo, na mapafu. Siku ya 5 hadi ya 7, kidonda, au utumbo ulioungwa kuvuja. Wakati wowote: kanula yenye wekundu, na damu iliyoganda mguuni. Lakini maumivu makali ya kidonda yasiyolingana na ukubwa wake, ngozi ikibadilika rangi ndani ya saa 48 za mwanzo, hayo usiyasubirishe hadi zamu ya asubuhi. Kuna bakteria wanaokula nyama kwa saa, si kwa siku.

Ndugu wanasema apumzike kwanza, asinyanyuliwe. Nifanyeje?

Waeleze, kisha mnyanyue. Damu inayolala miguuni huganda, bonge likipanda mapafuni huua ghafla. Kama hali inaruhusu, akae ukingoni mwa kitanda siku ileile au kesho yake. Hatua kwa hatua: ainue kichwa, akae, aning'inize miguu dakika chache, asimame akishikwa. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Mguu mmoja uliovimba kuliko mwingine uupime kwa utepe na uripoti, usiukande. Lile jaribio la kuukunja unyayo kuona kama ataumia halitegemeki.

Ale lini? Ni kweli mpaka ajambe?

Sharti hilo limelegezwa sana. Kwa upasuaji mwingi, wa kujifungua ukiwemo, mgonjwa aliyeamka vizuri na asiyetapika anaweza kunywa na kula mapema kadiri daktari alivyoruhusu. Kutafuna bazoka husaidia utumbo kuamka. Kuwa macho na tumbo linalojaa na kukaza, matapishi ya kijani, na hewa isiyotoka kwa siku kadhaa.

Kidonda kisafishwe kila siku?

Kilichoshonwa na kikavu kiachwe kimefunikwa saa 48, isipokuwa bendeji ikilowa. Kukifungua kila asubuhi ili daktari "akione" kunakitia baridi na kualika bakteria. Maji ya rangi ya waridi yanayotoka ghafla kwa wingi, hasa siku ya 5 hadi ya 8, ni onyo kwamba tabaka za ndani zinaachia. Utumbo ukitoka nje, usiurudishe. Funika kwa gozi safi iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu, mkunje magoti, asile wala asinywe, ita mpasuaji. Ongea naye kwa sauti tulivu muda wote, kwa maana anauona.

Baba yetu hakuwa na wazimu. Mbona sasa anaongea na ukuta?

Wazee wengi huchanganyikiwa baada ya upasuaji, na mara nyingi hupita. Lakini kwanza tafuta sababu: oksijeni, sukari, maumivu, kibofu kilichojaa, maambukizi, dawa. Mrudishie miwani na kifaa cha kusikia, mwambie ni siku gani, aketi na mtu anayemjua. Kumfunga kamba humzidisha. Yule aliyenyamaza na kusinzia tu naye amechanganyikiwa. Huyo hupitwa kirahisi kwa kuwa hasumbui.

Nikimpigia daktari usiku niseme nini ili asinikatie simu?

Mambo manne kwa mpangilio: nani na shida gani, alifanyiwa nini, umeona nini, unataka nini. "Daktari, ni wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda cha 6, aliyetolewa wengu mchana, mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 118 ndani ya saa mbili, mkojo mililita 15 kwa saa, viganja baridi, presha 108/84. Jana alikuwa 138/80. Nahofia anavuja. Naomba uje umwone sasa." Akisema endelea kumwangalia, muulize: nikuite kwa namba ipi? Iandike, pamoja na saa. Usiporidhika, mpigie aliye juu yake.

Anaruhusiwa kesho. Nyuzi zitolewe lini, na arudi kwa dalili gani?

Usoni karibu siku ya 5, tumboni 7 hadi 10, mgongoni, miguuni na kwenye viungo 10 hadi 14. Arudi mara moja akipata homa, usaha au harufu, kidonda kinachoachia, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana au pumzi kukata. Mwambie pia kwamba maambukizi ya kidonda yanaweza kujitokeza hadi siku 30, na hadi siku 90 kama amewekewa chuma au kiungo bandia. Yaseme hayo mbele ya mtu atakayekuwa naye nyumbani, yaandike kwa lugha anayoisoma, kisha mwombe akurudishie yeye mwenyewe alichokisikia.